Asiguse Chini

Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na kwa miaka mingi niliamini kwamba kazi hiyo haiwezi kumdhuru mtu. Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja cha matofali uani kwetu, chini ya kilima cha Nsambya, hatua chache kutoka kwenye reli iteremkayo Namuwongo. Babu yake alikuja na msafara kutoka pwani, akauza nguo, akaoa, akafa hapahapa Kampala. Alichotuachia ni Kiswahili chake na mbao za kuandikia. Watoto wa mtaa walikuja kusoma kwetu, Waswahili, Wanubi na Waganda Waislamu, na kwa kuwa mama alikuwa amefariki, mimi ndiye niliyewafundisha wadogo herufi huku nikikanda unga wa mandazi.

Kwetu mtoro alirudishwa kwa utaratibu maalumu. Mtoto akikosa kuja siku tatu bila sababu, baba aliteua wavulana wanne. Walimtafuta, wakamkamata, wakambeba mzobemzobe, wawili mikono na wawili miguu, uso ukitazama mbingu, mpaka mbele ya mkeka wa baba. Njiani waliimba “mtoro huyo, mtoro huyo” na kina mama walitoka milangoni kucheka. Baba aliwapa sharti moja tu kabla hawajaondoka: “Asiguse chini.” Mtoro akigusa ardhi kabla ya kufika, wanachapwa wabebaji.

Kulikuwa na sharti la pili, na hili ndilo lililomfanya baba ajione mtu wa huruma. Mtoro akishalazwa mkekani, mtu mzima yeyote aliweza kusimama, akamwekea mkono kichwani na kusema, “Maalim, nimemwombea huyu.” Hapo bakora inawekwa chini, hakuna mjadala. Mtoto analia, “Nimekoma, maalim, nimekoma,” anapewa maji, anarudi kukaa na wenzake. Mwombezi wetu mkubwa alikuwa Mkatoliki, mke wa karani mmoja wa reli aliyekaa kwenye nyumba za reli juu kidogo ya kwetu. Hakuweza kustahimili kilio cha mtoto. Akisikia wimbo wa mtoro unapita, aliacha sufuria motoni akaja mbio na mikono yenye masizi. Mume wake alituletea karatasi za ofisini zilizoandikwa upande mmoja, na upande wa pili watoto wa chuo walijifunzia kuandika.

Nami nilikuwa na kazi yangu katika mchezo huo. Watoto waliniamini, kwa hiyo nilijua maficho yao yote, nyuma ya tangi la maji, ndani ya mabehewa mabovu, kwenye mafunjo ya Namuwongo. Wale wanne wakishindwa, walikuja jikoni kuniuliza, nami nilionyesha kwa kidole bila hata kuacha kukanda. Sikuona haya. Nani anaona haya kwa kuwapeleka watoto wakasome?

Kinara wa wale wanne alikuwa mdogo wangu wa pekee. Akiwa na miaka kumi na mmoja aliwafundisha wenzake kwamba ukimshika mtu suruali atakuponyoka, mshike kifundo cha mguu. Baba alimsifu kwa hilo mbele ya watu. Ijumaa moja mkubwa mmoja wa jeshi, aliyekuwa akisali msikiti wetu, alikuja kunywa chai kwetu, akawaona wale wanne wakiingia na mtoro wao. Alicheka mpaka akafuta machozi.

“Muzee,” alimwambia baba, “huyu ya mbele nipe mimi. Huyu iko kichwa ya askari.”

Miaka ile wanajeshi walikuwa wameshika serikali, na Kiswahili chetu, ambacho majirani walikuwa wakikicheka kama lugha ya watu wasio na ukoo, kilikuwa kimegeuka lugha ya wenye bunduki. Watu walianza kumwamkia baba kwa kuinama zaidi. Sitaki kumsingizia, hakutafuta sukari wala sabuni ya dukani. Aliogopa, kama kila mtu alivyoogopa, na aliona kwamba mtoto aliye kambini hatakamatwa barabarani. Tena aliamini methali zake. Samaki mkunje angali mbichi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Basi akamshika mdogo wangu begani, akamkabidhi kwa maneno yaleyale ambayo kila mzazi alikuwa akimwambia yeye anapoleta mtoto chuoni: “Nyama yako, mifupa yangu.” Maana yake, mrudi upendavyo lakini nirudishie mzima. Kwetu hayo yalikuwa maneno ya adabu. Yule mkubwa hakuwahi kuyasikia, akauliza, “Nini?” kisha akacheka tena. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Nilimkunjia mashati mawili na kumfungia mandazi.

Mwanzoni alikuja nyumbani kila Ijumaa. Aliniambia amepewa kazi ya kuhesabu. Nilifikiri ni hesabu za shule, nikafurahi. Kumbe watu walipokuwa wakichapwa kule kambini, yeye ndiye aliyesimama kando na kuhesabu viboko kwa sauti, kwa kuwa sauti yake ilikuwa imenolewa na chuo, kali na safi. Akikosea namba, au akilia sauti ikakatika, wanaanza tena moja. Mara ya kwanza alilia kwenye kumi na saba, wakaanza upya, akalia tena, wakaanza upya, na yule mtu hakuinuka. Alinieleza haya akiwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, anakula mandazi.

“Lakini sasa sikosei, dada,” aliniambia. “Sasa nahesabu mpaka mwisho, wanamaliza haraka.”

Alikuwa anajisifu. Ndivyo walivyomfunza, kwamba machozi yake ndiyo yanayoua na kutolia ndiko kumhurumia mtu. Nimesikia watu wengi wenye elimu wakieleza jinsi mtoto anavyoharibiwa, na wote nawasikiliza, lakini mimi nakumbuka sukari ya mandazi kwenye midomo yake siku ile.

Nilimwambia baba. Kesho yake alivaa kanzu nzuri akaenda kambini kumdai mwanawe. Walimsimamisha juani getini tangu asubuhi mpaka alasiri. Alirudi miguu mitupu, viatu vyake sijui vilibaki na nani, akanawa, akasali, akaendelea na somo la siku hiyo. Hakusema alichoambiwa. Miaka miwili baadaye mdogo wangu mwenyewe hakutaka tena kurudi, na alipokuja alikaa kitini, hakukaa mkekani.

Alimjia karani wa reli saa tisa alasiri, siku ya Jumatano, mbele ya macho ya watu. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na minane, ana miwani myeusi na viatu vya visigino virefu, mavazi ya makachero wa serikali, kama wenzake watatu aliokuja nao. Wengine walisema karani alikataa kutia saini behewa la sukari la mkubwa fulani, wengine walisema mtu aliitamani nyumba yake. Karani alijishikilia kwenye mhimili wa veranda. Wale watatu walimvuta shati, likachanika. Nilikuwa nimefika pale na sinia la mandazi kichwani, na nilimwona mdogo wangu akiwasukuma wenzake kando, akainama, akamshika yule mtu kifundo cha mguu.

“Kila mutu shika pahali yake,” aliwaambia. “Asiguse chini.”

Wakambeba mzobemzobe mpaka kwenye gari, uso ukitazama juu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mikono yenye masizi. Aliuinua mkono mmoja, nadhani alitaka kumwombea, lakini pale hapakuwa na mkeka wala mwalimu wa kuambiwa. Niliporudi nyumbani nilimweleza baba kila kitu, hata yale maneno mawili. Aliniomba niyarudie. Kisha aliingia chuoni, akawaambia watoto waende nyumbani, na tangu siku hiyo hakutuma tena mtu kumtafuta mtoro.

Karani hakurudi. Kwa mwaka mzima na zaidi mke wake alikuwa akiteremka kila asubuhi mpaka mlangoni kwetu kuuliza, “Amekuja?” Hakuwa akimuulizia mume wake. Alimuulizia mdogo wangu, maana kati ya wale wanne huyo ndiye pekee aliyemjua kwa sura. Lakini mdogo wangu alikuwa ameacha kuja kwetu.

Alikuja siku ile serikali ilipoanguka. Wakombozi walikuwa wameingia mjini, askari wanaoomba maji ya kunywa kwa kusema “shikamoo, mama”, na watu walishangaa kwamba Kiswahili kinaweza kuomba. Mtaa mzima ulikuwa barabarani umebeba magodoro na viti vilivyotolewa madukani. Mdogo wangu alitokea upande wa mafunjo, matope mpaka kiunoni, bila miwani, bila viatu. Nilimtazama nikaona bado hajaota ndevu sawasawa. Tulimficha chuoni, kwenye chumba kidogo cha kuwekea mikeka, na huko alikaa siku nne. Nje walikuwa wakiwasaka wenzake, wanawaua kwa mawe na kwa matairi.

Siku ya kwanza alijikojolea. Nilimfulia, nikamtukana huku nikimfulia, nikalia, nikamletea uji.

“Dada, mimi nilikuwa mtoto,” alisema.

“Ulipomshika yule mtu mguu na mkewe anakutazama, ulikuwa na miaka kumi na minane.”

“Ndiyo. Lakini hakuna siku mtu aliniambia kwamba kuanzia leo wewe si mtoto.”

Kama alikuwa mtoto, basi wa kuadhibiwa ni mkubwa yule aliyekunywa chai yetu, ambaye alikuwa ameshakimbia na gari lake. Au ni baba. Au ni mimi niliyeonyesha kwa kidole. Na kama hakuwa mtoto, basi ni yeye, na mke wa karani ana haki ya kumdai. Nilizigeuza hesabu hizo mchana kutwa na kila nilipofika mwisho nilikuta mtu ambaye naye alifundishwa na mwingine. Nilimchukia, tena nilitaka ale.

Siku ya pili nilimkuta amekaa wima, macho makavu. “Dada,” alisema, “pale tulipomwacha karani...”

Nilimziba mdomo kwa kiganja. “Usiniambie.”

“Nataka...”

“Usiniambie mimi!”

Niliogopa. Nikijua itabidi niende kumwambia mkewe, na nikimwambia ataniuliza alikufaje, alisema nini, alimtaja nani. Sikutaka maneno hayo yapite mdomoni mwangu. Mdogo wangu alinitazama juu ya kiganja changu, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa somo. Nilipoondoa mkono alikuwa amebadilika.

“Basi nitamwonyesha mwenyewe,” alisema. “Nikisema sasa, mtakuwa hamna haja nami tena.”

Siku ya tatu mke wa karani aliniona nikipita uani na sahani mbili. Hakupiga kelele. Aliingia ndani moja kwa moja, akapiga magoti mbele ya baba kama wanawake wa Kiganda wanavyomwamkia mtu mzima.

“Maalim, najua iko hapa,” alisema. “Mimi hapana taka afe. Akikufa, bwana yangu napotea mara ya pili. Nataka anipereke pahali tu. Nizike. Baadaye serikali ifanye yake.”

“Nichukue mimi,” baba alimwambia. “Mimi ndiye niliyemfundisha kubeba watu.”

“Wewe utanionyesha nini, Maalim?”

Mimi nilisema twende kwa wakombozi. Walikuwa na kituo karibu na stesheni, wangekuja na gari, wangempeleka mahali hapo chini ya ulinzi kisha wamfunge. Naona hata sasa kwamba nilikuwa na akili siku hiyo. Baba alitikisa kichwa.

“Askari nimeshawapa mwanangu mara moja,” alisema.

Akatueleza anavyotaka. Kesho baada ya adhuhuri atatandika mkeka uani, mchana kweupe, na kuwaita majirani. Mdogo wangu atatoka mwenyewe, atakaa mkekani, na mke wa karani atamwekea mkono. Akishaombewa hakuna atakayemgusa, kwa sababu nusu ya vijana wa mtaa walisoma pale na wanaijua sheria. Kisha watakwenda wote kwa miguu kumtafuta marehemu, na kutoka huko atapelekwa kwa wenye serikali. Mke wa karani alikubali. Alikuwa amewaokoa watoto wangapi kwa njia hiyo? Nami nikaitikia. Ningeweza kuvaa buibui na kwenda kituoni bila ruhusa, ni robo saa tu kwa miguu. Sikwenda, kwa kuwa binti wa Maalim hamshindi babake mbele ya wageni.

Mdogo wangu alipoambiwa aliomba kanzu. Zake zilikuwa za mtoto, akavaa ya baba. Aliniuliza jambo moja tu: “Watanibeba?”

“Hapana. Utatembea mwenyewe.”

Watu walijaa uani mpaka ukutani. Alitoka, akakaa mkekani, akakunja miguu kama zamani. Baba aliweka bakora mbele yake akasema kwa sauti ya somo, “Huyu ni mwanangu. Mengi aliyofanya alijifunza kwangu kabla hajajifunza kwa wengine. Anayetaka kuchapa na aanze na mimi.” Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesogea. Mke wa karani akasimama, akapiga ishara ya msalaba, akauweka mkono wake juu ya kichwa cha mdogo wangu.

“Maalim,” alisema, “nimemwombea huyu.”

Niliona mabega ya mdogo wangu yanashuka, nami nikavuta pumzi. Nilifikiri, baba hakukosea, jamani, baba hakukosea.

Ndipo mtu mmoja aliyesimama getini akasema, bila hasira, “Maalim, huyu si mtoro.” Alikuwa mmoja wa wale wanne wa zamani, mwanafunzi wetu, na kaka yake mkubwa alikuwa amepotea kama karani. Alikuja mkekani na wengine watatu. Wawili kati yao niliwafundisha mimi herufi. Walimwinua kutoka chini ya mkono wa yule mama, na mkono wake ukabaki hewani. Walijua kubeba. Hakuna aliyeshika kanzu, wote walishika vifundo. “Asiguse chini,” mmoja aliwahimiza wenzake, nadhani kwa mazoea tu. Sheria ya kwanza waliikumbuka yote.

Mke wa karani alikimbia kando yao, kiatu kimoja kimemtoka, amelishika pindo la kanzu. “Sema wapi!” alikuwa akipiga kelele. “Mwacheni aseme! Wapi? Wapi?” Watoto wadogo barabarani, ambao hawakujua lolote, waliona mtu amebebwa wakaanza kuimba “mtoro huyo, mtoro huyo.” Mdogo wangu alikuwa akitazama mbinguni na hakumsikia mtu. Alikuwa akilia kama alivyosikia wengine wakilia tangu utoto wake, sauti ileile kali na safi: “Nimekoma, maalim! Nimekoma!” Baba alikaa mkekani na bakora yake. Wao walivuka reli. Mimi nilifika relini nikasimama, na yaliyotokea ng'ambo siyaandiki.

Mtaani walisema haki imepatikana. Labda kweli. Wapo waliolala vizuri siku hiyo na sitawanyima usingizi wao. Ila yule aliyekuwa anadai hakupata kitu. Jioni alirudi kuchukua kiatu chake uani kwetu, akamwambia baba, “Maalim, sasa nani atanionyesha?” Baba hakufundisha tena tangu hapo. Mbao aliwagawia watu wa msikiti mwingine, bakora niliitia mekoni mwenyewe.

Miezi ilipopita, ndugu wa karani walizika mgomba mahali pake, kama desturi yao ilivyo pale mwili unapokosekana. Waliukata shina, wakalifunga kwa kitambaa cha magome, wakalibeba. Baba aliomba apewe upande mmoja abebe, nao kwa heshima wakamruhusu, lakini baada ya hatua tatu alisimama, ikabidi mwingine ampokee.

Mke wa karani bado huteremka kwangu. Tumezeeka sasa, hatuna watu wengi wa kuzungumza nao. Anakaa kwenye kibao, anaeleza bei ya mkaa, anasifu mandazi, kisha anainamisha kichwa, ananiita mama kwa Kiganda na kuuliza lilelile.

“Siku nne, nnyabo. Siku nne murikaa naye. Hapana kuambia kitu?”

“Hakuniambia,” namjibu. Kisha namtilia chai, kwa mkono uleule niliomziba nao mdogo wangu mdomo.